Donge la Piza kwa Anayeanza: Nusu Kilo ya Unga na Jiko la Makaa



Karatasi hii ni kwa ajili ya familia za wakimbizi zinazoishi mjini Kigali, na pia kwa walio katika kambi kama Mahama na Kiziba. Inaeleza namna ya kutengeneza donge la piza nyumbani, bila tanuri, bila mashine na bila mizani. Donge hilo hilo linaweza kuwa mkate wa asubuhi, maandazi ya kuuza au chakula cha jioni cha watoto.

Pengine utauliza: kwa nini piza? Piza si chakula cha matajiri. Ilianza kama chakula cha watu maskini katika mji wa Napoli, nchini Italia. Donge lake lina vitu vinne tu: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira. Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliingiza ufundi wa waokaji piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, lakini vitu vinne vilibaki vilevile. Wale waliopita Zanzibar wanaijua pia "piza ya Forodhani", ambayo hukunjwa na kukaangwa kwenye chuma. Ile ni ya namna nyingine, kwa kuwa unga wake hauumuki kwa hamira. Hapa tunaeleza ile inayoumuka.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kujifunza jambo hili vizuri. Mwaka 2014 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kutoa fedha badala ya nafaka katika kambi ya Gihembe, ambayo ilifungwa mwaka 2021 na wakazi wake kuhamishiwa Mahama. Familia inayopokea fedha hujinunulia chakula yenyewe, na familia ya mjini hununua kila kitu sokoni. Nusu kilo ya unga ikiharibika, hakuna anayeirudisha. Kwa hiyo soma karatasi hii yote kwanza, halafu ndipo ufungue mfuko wa unga.

1. VITU UNAVYOHITAJI

Kwa piza 4 za ukubwa wa sahani ya chakula:

- Unga mweupe wa ngano, nusu kilo (vikombe 4)
- Maji ya uvuguvugu, kikombe 1 na vijiko 3 vya chakula
- Hamira ya chengachenga, kijiko 1 cha chai
- Chumvi, kijiko 1 na nusu cha chai
- Sukari, kijiko 1 cha chai
- Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya chakula

Kikombe tunachokitaja ni kile ambacho viwili vyake hujaza chupa ya maji ya nusu lita. Kama huna hakika na kikombe chako, jaribu kwa chupa. Kwa upande wa unga, njia rahisi ni kununua mfuko wa kilo 1 na kuugawa katika mafungu mawili yanayolingana.

Vyombo: beseni au bakuli kubwa, mwiko, kitambaa safi, kikaango kizito au chuma cha chapati, na kifuniko cha sufuria kinachokifunika vizuri. Chupa safi ya kioo inatosha kusukumia.

Ukienda sokoni, iwe Kimironko, Nyabugogo au Kicukiro, kumbuka mambo mawili. Kwanza, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, kwa hiyo beba kikapu au mfuko wa kitambaa. Pili, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, na asubuhi yake maduka hufungwa.

2. HAMIRA NI KIUMBE HAI

Mtu akilielewa jambo hili, nusu ya kazi imekwisha. Hamira ni vijidudu vidogo sana vya jamii ya uyoga. Havina madhara kwa mtu. Vikiwa vikavu, vimelala. Vikipata maji, joto na chakula, huamka, hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoinua donge.

Maji baridi huichelewesha hamira. Maji ya moto huiua: kwenye joto la nyuzi 55 hadi 60 haiwezi kuishi tena. Watu wengi wanaosema "hamira niliyonunua ni mbovu" wameiua wenyewe kwa maji ya birika.

Kipimo rahisi ni hiki: changanya kipimo 1 cha maji yanayochemka na vipimo 3 vya maji baridi. Utapata maji ya nyuzi kama 38, yanayofaa kabisa. Tia tone moja ndani ya kifundo cha mkono wako. Usisikie baridi wala kuungua. Tumia maji safi ya kunywa, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Moto utaua wadudu wakati wa kupika, lakini mikono na vyombo vinavyoguswa na maji machafu hubaki na uchafu.

Jaribio la hamira: tia hamira na sukari katika nusu kikombe cha yale maji ya uvuguvugu. Ngoja dakika 10. Povu likitokea juu, hamira ni nzima, endelea. Povu lisipotokea, usitie katika unga. Umepoteza kijiko kimoja cha hamira, lakini umeokoa nusu kilo ya unga.

Pakiti ikishafunguliwa, ikunje vizuri, iweke katika kichupa kikavu chenye kifuniko, mahali penye baridi, mbali na jiko.

3. KUCHANGANYA NA KUKANDA

Nawa mikono kwa sabuni. Kisha fuata hatua hizi:

(a) Tia unga katika beseni, changanya na chumvi. Fanya shimo katikati.

(b) Mimina maji yenye hamira, kisha mafuta, kisha maji yaliyobaki kidogo kidogo. Usimimine yote kwa mara moja, kwa sababu unga hutofautiana: mmoja hunywa maji mengi, mwingine machache.

(c) Koroga kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane tena. Funika, ngoja dakika 15. Muda huu si wa bure: unga unakunywa maji, na kukanda kutakuwa rahisi.

(d) Kanda kwa dakika 10. Sukuma donge mbele kwa kiganja, likunje kuelekea kwako, lizungushe kidogo, rudia.

Mwanzoni donge litanata. Usikimbilie kuongeza unga. Paka mafuta kidogo mikononi, endelea. Donge la piza linatakiwa kuwa laini kuliko la chapati. Ukiongeza unga kila linaponata, utapata piza ngumu ambayo mtoto hawezi kuitafuna.

Kwa nini tunakanda? Ndani ya ngano kuna protini ambazo zikipata maji hushikana na kuwa kama nyuzi za mpira. Huitwa gluteni. Kukanda huzipanga nyuzi hizo mpaka zinakuwa mfuko wa kushika ile hewa ya hamira. Ili kujua kama umekanda vya kutosha, kata kipande kidogo, kivute polepole kwa vidole. Kikitanuka na kuwa chembamba bila kukatika haraka, inatosha. Kikikatika mara moja, kanda dakika 3 nyingine.

Unga wa mahindi, wa mtama na wa muhogo hauna gluteni, kwa hiyo peke yake hauwezi kushika hewa. Lakini ngano ikiwa ghali, unaweza kutoa sehemu 1 kati ya 5 na kuweka unga wa muhogo uliochekechwa vizuri. Yaani, katika nusu kilo, gramu 400 ziwe za ngano na gramu 100 za muhogo. Donge litaumuka kidogo kuliko kawaida, lakini litafaa.

TAHADHARI: Unga wa lishe unaotolewa kliniki kwa watoto wadogo, akina mama wajawazito na wanaonyonyesha usiutumie kwa piza wala maandazi. Ule umepimwa kwa ajili ya afya ya mtu aliyepewa. Ukigawanywa kwa watu 6, mtoto aliyepungukiwa hatapata kile alichoandikiwa.

4. KUUMUSHA

Lipake donge mafuta kidogo, liweke katika beseni, funika kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Liweke mahali pasipo na upepo. Linatakiwa kuongezeka mara mbili.

Usiangalie saa tu, angalia donge lenyewe. Mji wa Kigali uko juu ya milima, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na hilo huharakisha kidogo kuvimba kwa donge. Mchana wa jua linaweza kuwa tayari kwa saa 1. Siku ya mvua na baridi huenda likahitaji saa 2.

Njia ya kutokosea: kabla ya kuliacha, kata kipande kidogo cha donge, kitie ndani ya glasi iliyonyooka, tia alama pale kilipofika. Glasi ikae pamoja na beseni. Kipande kikifika mara mbili ya alama, na donge lote liko tayari. Jaribio jingine ni kulibonyeza kwa kidole chenye unga. Shimo likirudi polepole, tayari. Likiruka na kurudi mara moja, ngoja. Lisiporudi kabisa, umechelewa. Likande kidogo, lipumzike dakika 20, kisha litumie.

Njia ya usiku: kama unafanya kazi mchana, kanda donge saa 2 usiku. Tumia maji ya baridi na robo tu ya kijiko cha chai cha hamira. Funika vizuri kwa sahani nzito ili mende na panya wasiingie. Asubuhi saa 12 litakuwa limeumuka. Njia hii inapunguza gharama ya hamira, na ladha yake ni nzuri zaidi.

5. MCHUZI WA NYANYA NA VITU VYA JUU

Wakati donge linaumuka, tengeneza mchuzi. Kata nyanya 4 zilizoiva, kitunguu 1 na punje 2 za kitunguu saumu. Kaanga kitunguu katika mafuta kidogo, tia vitunguu saumu, nyanya na chumvi. Acha zichemke bila kifuniko mpaka maji yakauke na mchuzi uwe mzito. Mchuzi wenye maji hulowesha donge na kuliacha bichi katikati.

Jibini si lazima. Ukiipata, ile ya Gishwati au ya Masisi, ambayo wenyeji wa Kivu wanaifahamu tangu utotoni, huyeyuka vizuri. Kipande kidogo kilichokunwa kinatosha piza 4. Usipoipata, kuna vitu vingine vyenye nguvu mwilini:

- Sambaza wa Ziwa Kivu waliokaangwa
- Yai moja lililopigwa, likamiminwa juu ya mchuzi
- Lengalenga (dodo) zilizochemshwa na kukamuliwa maji
- Uyoga uliokaangwa
- Maharage yaliyoiva na kupondwa
- Parachichi, lakini hilo liwekwe baada ya kupika

6. KUPIKA JUU YA JIKO LA MAKAA

Hapa wengi hudhani kwamba bila tanuri haiwezekani. Inawezekana, kwa kupika pande mbili.

(a) Washa jiko (imbabura) nje. Ngoja mpaka makaa yawe mekundu na kuanza kufunikwa na majivu meupe.

(b) Gawa donge mafungu 4. Yafanye mviringo, yafunike, yapumzike dakika 15. Donge likipumzika halikurudi nyuma unapolisukuma.

(c) Sukuma fungu moja mpaka liwe na unene wa nusu sentimita.

(d) Pasha kikaango. Nyunyiza unga kidogo ndani yake. Ukigeuka kahawia taratibu, moto unafaa. Ukiungua papo hapo na kuwa mweusi, punguza makaa. Futa unga huo.

(e) Paka mafuta kidogo, weka donge, funika. Ngoja dakika 3 hadi 4 mpaka chini pawe na madoa ya kahawia.

(f) Geuza. Sasa upande ulioiva uko juu. Paka mchuzi vijiko 2 au 3, weka vitu vya juu, funika tena.

(g) Acha dakika 4 hadi 5. Ukitaka juu paive kama tanurini, weka makaa machache juu ya kifuniko cha chuma, kama wafanyavyo wanaopika keki kwa sufuria.

Wenye jiko la gesi wafuate hatua zilezile kwa moto mdogo.

7. USALAMA: TAFADHALI SOMA SEHEMU HII KWA SAUTI NYUMBANI

Usipike kwa makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husikia kichwa kinauma, kizunguzungu na usingizi, kisha hupoteza fahamu na anaweza kufa. Usiingize jiko ndani usiku ili kupasha chumba joto. Makaa yanayoonekana yamezimika bado yanatoa sumu. Mtu akionyesha dalili hizo, mtoe nje kwenye hewa mara moja na mpeleke kituo cha afya.

Jiko likae mbali na turubai, mapazia na nyasi. Watoto wasicheze karibu nalo. Mtoto akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya.

8. MATATIZO NA SABABU ZAKE

Donge halikuumuka. Hamira ilikufa kwa maji ya moto, au ilikuwa ya zamani, au mahali ni pa baridi. Kama ni baridi, sogeza beseni karibu na jua na ungoje. Kama hamira imekufa, usitupe donge: lisukume, lipike kama chapati.

Piza ni ngumu. Uliongeza unga mwingi, au moto ulikuwa mdogo na ukaipika muda mrefu.

Imeungua chini na katikati ni mbichi. Moto ulikuwa mkali, au donge lilikuwa nene, au mchuzi ulikuwa na maji.

Ina harufu ya pombe. Donge liliumuka kupita kiasi. Si sumu. Lipike siku hiyo hiyo.

9. KAMA UNATAKA KUUZA

Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na biashara nchini Rwanda. Kabla ya kuanza, uliza katika ofisi ya umurenge wako kuhusu mahali pa kuuzia, usafi na kodi. Usajili wa biashara hufanywa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB).

Halafu piga hesabu kwa karatasi. Namba zifuatazo ni za mfano tu. Weka bei za soko lako, kwa faranga:

Unga 700
Hamira 100
Chumvi, sukari na mafuta 200
Nyanya na vitunguu 500
Makaa 300
Jumla 1,800

Piza 4 ukizikata vipande vinne vinne, unapata vipande 16. Ukiuza kila kipande 150, unapata 2,400. Faida ni 600. Lakini angalia: vipande 12 vya kwanza vinarudisha mtaji tu (12 mara 150 ni 1,800). Faida yako yote imo katika vipande 4 vya mwisho. Hivyo vikibaki, au ukivigawa kwa mkopo usiolipwa, umefanya kazi siku nzima bure. Ndiyo maana anza na kiasi kidogo, uza vyote, ndipo uongeze siku ya pili. Na kazi yako mwenyewe bado haijahesabiwa hapo.

Kilichobaki kisicho na nyama, samaki, yai, jibini wala maharage kifunike mahali pakavu, kiliwe siku hiyo au asubuhi inayofuata. Chenye vitu hivyo kisikae zaidi ya saa 2 bila friji.

KWA KUMALIZIA

Mara ya kwanza tengeneza nusu ya kipimo: vikombe 2 vya unga, na vingine vyote nusu nusu. Utajifunza mkono wako, unga wako na jiko lako bila hasara kubwa. Ukishaweza, mfundishe jirani yako, hasa yule asiyejua kusoma. Mwonyeshe hatua kwa hatua kwa mikono, kwa sababu kukanda hakujifunzwi kwa kusikiliza.

Ukimaliza kusoma, usitupe karatasi hii. Mpe mwingine.